Vyungu Vilivyokataa Kuoza

Fundi Rangi aliandika mabango kwa mkono tangu ujana wake, na katika miaka yote hiyo hakukabidhi kazi yoyote kabla ya kuipaka vanishi. Kibao cha kinyozi kilipakwa vanishi. Mlango wa duka la majeneza ulipakwa vanishi. Tangazo la "Usikojoe Hapa" nyuma ya stendi lilipakwa mikono miwili, yaani mara mbili, na herufi zake zinang'aa mpaka leo juu ya ukuta ambao bado unakojolewa.

"Kazi isiyo na vanishi," alipenda kusema, "ni kama mtu aliyeoga akarudia nguo chafu."

Basi zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na wateja wakahama bila kuaga. Kinyozi mwenyewe, ambaye kibao chake kilikuwa bado kizima, aliweka bango jipya lenye picha ya kijana wa kigeni mwenye nywele ambazo hakuna mtu mtaani angeweza kuziotesha. Fundi Rangi alibaki na makopo ya rangi, brashi zilizooshwa vizuri, na muda mwingi wa kusikiliza redio. Ni redio iliyomharibia.

Kilikuwa kipindi cha asubuhi kuhusu upandaji miti. Mtaalamu mmoja alieleza kwamba mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche huishia kwenye mitaro, na kwamba zipo njia bora zaidi: vyungu vidogo vya karatasi iliyolowekwa na kufinyangwa, ambavyo hupandwa ardhini pamoja na mche wenyewe. Chungu huoza polepole, mizizi hupenya, na mche hauhisi hata kwamba umehama nyumba. Fundi Rangi alizima redio kabla kipindi hakijaisha. Alikuwa amekwisha kusikia alichokihitaji.

Katika siku chache alizunguka maduka yote ya mtaa akiomba trei za mayai zilizokwisha kutumika. Alizichana, akaziloweka, akazitwanga mpaka zikawa kama uji mzito wa kijivu, akatia gundi ya unga, kisha akafinyanga ule uji kuzunguka kopo la rangi na kuuanika juani. Beseni alilolowekea lilikuwa la mke wake la kulowekea vitambaa vipya. Hakuliomba. Alilikuta tupu, na kwake yeye kitu kitupu kilikuwa kinasubiri wazo lake.

Vyungu vilipokauka, vilihitaji mahali penye mwanga lakini pasipo na jua kali. Nyumba yao ilikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo, nayo ni baraza ya mbele, na juu ya baraza ile mke wake alikuwa ameweka cherehani tangu wazae mtoto wao wa kwanza. Alishona sare za shule, magauni ya harusi, na kupunguza suruali za wanaume waliokonda au kuzipanua za walionenepa. Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani.

"Ni kwa muda tu, mama," alisema Fundi Rangi, akiwa tayari ameinua upande mmoja wa meza ya cherehani.

"Muda gani?"

"Mpaka miche ishike."

"Ishike nini?"

"Mizizi."

"Na mimi nishike nini?"

"Wewe shika huo upande wa pili tuinue, usije ukaangusha."

Cherehani ikahamia kwenye korido, kati ya pipa la maji na mlango wa choo. Msomaji ambaye hajawahi kushona huenda asione ubaya wake, kwa hiyo ni vyema nieleze kwamba uzi mweusi na uzi wa buluu nzito, ndani ya korido isiyo na dirisha, ni ndugu wasioweza kutofautishwa. Mama Cherehani alishona kola moja juu chini. Alimrudishia mwanafunzi sare yenye mfuko uliotazama mgongoni. Wateja waliotaka kupimwa walisimama wakiwa wameinua mikono, huku wanafamilia wakijipenyeza pembeni yao kwenda haja.

"Sasa mtu akitoka humo ndani wakati unanipima kifua?" aliuliza mwalimu mmoja wa kike, akiutazama mlango wa choo.

"Atasubiri, mwalimu. Humu ndani kila mtu anasubiri miche."

Mwalimu alicheka, akapimwa, na hakurudi tena. Alipeleka kitambaa chake kilichofuata kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye alishona vibaya lakini alishonea mwangani.

Kwenye baraza, wakati huohuo, miche ya mijakaranda ilichipua. Lazima nimtendee haki Fundi Rangi: aliipenda. Aliijali kama mtu anavyomjali mgeni wa heshima, yaani bila kumwacha apumue. Alikuwa amesikia redioni kwamba vyungu vya karatasi hukauka haraka kwa sababu kuta zake nazo hunywa maji, na hilo ni kweli. Sehemu iliyofuata, ile ya kuchovya kidole kwenye udongo ili kujua kama mche una kiu kabla ya kuunywesha, ilitangazwa baada ya yeye kuzima redio. Kwa hiyo alimwagilia asubuhi, akamwagilia mchana, akamwagilia jioni, na katikati ya nyakati hizo alimwagilia kila alipopita mtu wa kumweleza. Mgeni mmoja alikuwa sawa na umwagiliaji mmoja. Watu wa mtaa walipogundua hivyo, wenye huruma na mimea walianza kupita upande wa pili wa barabara.

"Fundi, habari za asubuhi?"

"Nzuri! Njoo uone."

"Nimeona, nimeona. Nitapita kesho."

"Njoo, hapo huoni vizuri!" Na kopo lenye matundu ya msumari lilikuwa limekwisha kuinamishwa.

Hata hivyo, alichotaka waone hakikuwa miche. Kilikuwa vyungu. Juu ya kila kimoja, kwa brashi nyembamba, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi neno moja: NITAOZA. Herufi zilikuwa nzuri kweli. Mkia wa Z ulijikunja kama sharubu za bwana harusi.

"Na mimi uniandike hivyohivyo mgongoni," alisema mke wake siku moja, akitokea koridoni huku amefinya macho kwa mwanga. "Maana huko ndani ninaoza bila tangazo."

Wokovu ulielekea kuja siku aliyofika Sista Mkuu wa zahanati kurekebishiwa sare. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Uwanja wa zahanati yake ulikuwa mweupe kama kiganja, bila mti hata mmoja. Wagonjwa walipanga foleni juani na wengine walifika kwa daktari wakiwa na ugonjwa wa ziada. Alisimama barazani, akatazama mijakaranda, akasoma vyungu, akapiga makofi.

"Fundi, hivi unavitengeneza mwenyewe?"

"Kwa mikono hii, Sista. Chungu chenyewe kinaoza, mizizi inapita, plastiki hakuna!"

"Basi nipandie kandokando ya uzio wangu. Na nikuambie jambo. Nyuma ya zahanati kuna kipande cha ardhi kimekaa bure, kiko karibu na bomba. Mvua zikiisha na miti yangu ikawa imeshika, hicho kipande hamishia kitalu chako chote. Isiposhika, kuna jamaa anakitaka kwa kuegeshea pikipiki."

Ndani ya korido cherehani ilinyamaza. Mama Cherehani alichungulia, na kwa mara ya kwanza tangu vyungu viingie nyumbani kwake, aliuliza swali la kilimo.

"Hiyo mijakaranda, Sista, inachukua muda mrefu kushika?"

"Wewe muulize mtaalamu wako."

Mtaalamu alitabasamu. Kuanzia siku ile mke wake naye alianza kupita kwenye miche kila asubuhi, akiyatazama majani kwa macho ya mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Alikuwa anahesabu baraza yake katika kila jani.

Siku ya kukabidhi miche ilipokaribia, maji yote yale yalitoa hesabu yake. Vyungu vilikuwa vimeanza kulainika. Ukungu wa kijani ulitambaa kwenye kuta zake, herufi zikavimba, na kimoja kilipoinuliwa kiliacha kitako chake sakafuni. Ikumbukwe kwamba hivi ndivyo vilivyokusudiwa. Vilikuwa vinaoza kwa sababu vilitengenezwa ili vioze, na laiti vingepelekwa shambani juma lile lile, simulizi hii isingekuwa na sababu ya kuandikwa. Lakini Fundi Rangi hakuona chungu kinachotimiza wajibu wake. Aliona kazi ambayo haijamalizwa.

"Siwezi kumkabidhi mteja kitu kinamomonyoka mkononi," alisema.

Akavianika vikauke. Akafungua kopo. Akapaka mkono wa kwanza, akasubiri, akapaka wa pili, pembeni na chini ya kitako, kwa uangalifu wa mtu anayempaka mafuta mfalme. Harufu ikajaa koridoni na kuingia katika gauni la harusi lililokuwa mezani.

"Mzee," aliita mke wake, pua ameifunika kwa upande wa kanga, "si ulisema vinatakiwa kuoza?"

"Vitaoza, mama. Lakini vioze vikiwa nadhifu."

Yeye akaona kwamba mume wake amesikiliza redio na yeye hakuisikiliza, akarudi kwenye gauni.

Siku ya kupanda, Fundi Rangi alivaa suti. Alitoa hotuba kuhusu udongo na vizazi vijavyo ambayo wagonjwa waliisikiliza kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kuondoka. Vyungu vilimetameta juani kama vikombe vya ushindi. Sista Mkuu alikipapasa kimoja akasema ni dhambi kukizika, na Fundi Rangi akakubaliana naye kimoyomoyo. Vikazikwa. Kisha akamwita mlinzi wa zahanati, mtu mpole mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, akamkabidhi mpira wa maji.

"Kila siku. Usione huruma."

Mlinzi hakuona huruma. Mvua zilipoanza, yeye aliacha kumwagilia, na wakati huo majani yalikuwa yamekwisha kuanza kugeuka rangi. Akaenda kutoa taarifa.

"Mzee, ile miti inakuwa ya njano."

"Unamwagilia?"

"Kila siku. Ila mvua ikinyesha siendi."

"Ndiyo hapo! Mvua ni ya watu wote. Mche unataka maji yake mwenyewe."

Basi wagonjwa waliosubiri chini ya paa walimwona mlinzi, chini ya mvua kubwa, mwavuli mkono mmoja na mpira wa maji mkono wa pili, akimwagilia mche mmoja baada ya mwingine. Bibi mmoja aliyeletwa kwa homa aliomba apelekwe zahanati nyingine.

Majani yaliendelea kuwa ya njano, yakaanza kudondoka. Mvua nazo zilianza kupungua. Sista Mkuu alituma ujumbe: jamaa wa pikipiki amerudi, amekuja na futi ya kupimia. Fundi Rangi alijibu kwamba tatizo ni mlinzi, ambaye bila shaka analala. Mlinzi aliposikia hivyo alikuja mpaka nyumbani, akasimama mbele ya baraza iliyojaa vyungu vingine vipya, na vyote viling'aa.

"Mimi nalala, mzee? Mimi niliyepata mafua kwa ajili ya miti yako?"

"Simaanishi kulala kwa macho. Namaanisha kulala kikazi."

"Kulala kikazi ndiyo kupi huko?"

Mama Cherehani alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akavua shingoni sentimita yake ya kupimia wateja, akachukua mkoba wake. "Twende," alimwambia mume wake. "Sasa hivi. Twende tukachimbe tuone kinachowaua. Nimechoka kubahatisha."

Walipofika kwenye uzio, Fundi Rangi alipiga magoti kwenye mche wa kwanza, akaushika shina na kuuvuta kidogo ili kuona kama una mizizi. Ukatoka wote, kwa urahisi, kama kijiko kinavyotoka kwenye chai. Chungu kilibaki ardhini kikiwa kimejaa maji meusi yanayonuka. Vyungu vile havikuwa na tundu chini. Havikuhitaji, kwa kuwa karatasi hupitisha maji yenyewe. Lakini karatasi iliyopakwa vanishi haipitishi chochote. Mtu aliyekuwa na nia ya kupanda miti alikuwa amezika safu ya ndoo ndogo, akapanda mti ndani ya kila ndoo, na akaagiza zijazwe maji kila siku.

Akakichimbua kile chungu. Akakifuta kwa kiganja. NITAOZA, kilisema, kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi, mkia wa Z umejikunja kama siku ulipochorwa.

Kuna watu ambao wakati kama huo wangelia. Fundi Rangi alikigeuza juani.

"Tazama, mama," alisema taratibu. "Hata herufi moja haijabanduka."

Mke wake alikinyooshea kidole kile chungu.

"Mzee, baraza yangu imo ndani ya hicho kikopo."

Hapo ndipo akili ilipomrudi, ingawa haikurudi yote kwa pamoja. Kwanza alipendekeza wafukie na kusema udongo wa hapa una chumvi. Kisha akapendekeza panya. Mke wake alichuchumaa, akavuta chungu cha pili na mche wake, akamwaga maji, akafungua mkoba na kutoa mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, ule ambao hata watoto wake hawakuruhusiwa kuugusa, akaanza kuikata karatasi ngumu kuanzia mdomoni hadi kwenye kitako.

"Mama! Mkasi wa vitambaa kwenye karatasi? Utakuwa butu!"

"Chimba."

Akachimba. Walikuwa wamefika katikati ya uzio, mikono imejaa matope na maganda yanayometa, Sista Mkuu alipotokea na mlinzi nyuma yake.

"Kulikoni? Mbona mnaing'oa?"

Fundi Rangi alisimama, akajifuta magoti, akakohoa kama alivyokohoa kabla ya hotuba. "Hii, Sista, ni hatua ya pili. Katika hatua ya kwanza chungu kinalea. Katika hatua ya pili kinaondolewa kitaalamu."

"Si ulisema kinaoza chenyewe?"

"Katika mazingira fulani."

"Na kulala kikazi ni hatua ya ngapi?" aliuliza mlinzi.

Sista Mkuu aliangalia vyungu, akaangalia miche. "Sawa, Fundi. Kama kuna hatua, mimi nitasubiri ziishe zote. Mpaka hapo yule wa pikipiki aanze kuegesha."

Mkasi ulinyamaza. Mama Cherehani alibaki amechuchumaa, mche mkononi, mabega yameshuka. Fundi Rangi aliyatazama mabega yale.

"Nilivipaka vanishi," alisema.

"Ulivipaka nini?"

"Vanishi. Mikono miwili."

"Vyungu vya kuoza?"

"Havikuwa vimependeza, Sista."

Sista Mkuu alishika uzio. Alianza kucheka bila sauti, kisha sauti ikaja, ile ya kuamsha wodi, na muuguzi akatoka mbio akidhani kuna mtu amezidiwa. Habari ikasafiri kwenye foleni kutoka benchi la mbele hadi la nyuma: kavipaka vanishi. Mzee mmoja aliyekatazwa kucheka kwa sababu ya mshono alishika tumbo na kuomba waache kuirudia. Mlinzi peke yake hakucheka. Alisimama wima, amevua kofia, kama mtu anayesomewa hukumu ya kuachiwa huru.

"Mwombe radhi huyu," alisema Sista alipopata pumzi.

"Samahani, bwana. Hukulala."

"Nashukuru kwa kuliona hilo."

Wakamalizia kukata wote wanne kabla ya foleni ya mchana kuisha. Miche iliyokuwa na mzizi hata mmoja mzima ilirudishwa ardhini bila chungu, na mpira wa maji ukakunjwa. Mlinzi alielekezwa achovye kidole kwanza, na asimwagilie kitu chenye udongo mbichi hata aamriwe na nani. Mvua zilipoisha, zaidi ya nusu ya miti ilikuwa imetoa majani mapya. Katikati yake palikuwa na mapengo, na uzio wa zahanati ulionekana kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza.

"Kipande nakupa," alisema Sista Mkuu, "kwa sababu haya mapengo utayajaza wewe, na nataka uyajaze mbele ya macho yangu. Ila brashi haipiti kwenye geti langu."

Jukumu la kulitekeleza hilo alipewa mlinzi, na hajawahi kutekeleza jukumu lolote kwa furaha kubwa zaidi. Kila asubuhi Fundi Rangi husimamishwa getini mbele ya wagonjwa.

"Fungua mfuko, mzee."

"Ni chupa ya chai."

"Fungua tuione hiyo chai."

Siku ya kuhamisha kitalu, Mama Cherehani hakungoja chungu cha mwisho kitoke. Alifagia huku vingine vikiwa bado vinabebwa, akavuta meza ya cherehani peke yake kutoka koridoni, akaiweka pale pale, akatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Mwalimu wa kike alipita siku ya pili, akasimama, akasema alikuwa na kitambaa fulani. Akapimwa barazani, kwenye upepo, na hakuna mtu aliyepita ubavuni kwake.

Mchana wake Fundi Rangi alirudi kula. Alikuwa amekumbatia mche mmoja ndani ya chungu cha kijivu, kisicho na rangi wala neno, na majani yake yamelala.

"Mama, huu mmoja tu. Uweke hapo pembeni ya mguu wa meza upate kivuli. Unaumwa."

Mke wake hakuinua macho kutoka kwenye pindo.

"Upeleke zahanati," alisema, akakanyaga cherehani.